Wikendi ndefu ya kula tu: naiweka Kuching mbele ya Penang. Na kwa nini laksa yake haipatikani Kuala Lumpur?

#1 Sangara_wa_Mwanza

Wakuu, habari zenu.

Niko Kuala Lumpur kikazi, na mwezi ujao sikukuu imeangukia jirani na wikendi. Mke wangu anakuja kutoka nyumbani. Tumeshakubaliana kwamba safari hii ni ya kupumzika: kula, kulala, kutembea kando ya mto jua likizama. Mapango na milima tunawaachia vijana.

Wenzangu kazini wote wananisukuma Penang. Nimeshafika Penang, na Kuching nimefika pia, na msimamo wangu ni huu: kwa mtu anayetaka kula bila kukimbizana, Kuching inaongoza. Penang ni foleni ya magari, foleni ya watu, foleni ya kupiga picha sahani. Kuching unaamka, unashuka mtaani, unakula laksa, zile tambi za mchuzi, unarudi kulala. Mchana unavuka mto kwa mtumbwi wa abiria kwa ringgit 1, unanunua keki, unarudi ng'ambo. Basi.

Sasa swali lenyewe. Laksa ya Sarawak nimeitafuta hapa Kuala Lumpur kwenye mikahawa ya watu wa Sarawak wenyewe. Viungo vilevile, mpishi katoka kulekule, na bado haifiki. Kuna kitu kinapungua kwenye mchuzi. Ni nini? Waliokaa kule nielezeni, nikienda nijue cha kuangalia.

#2 Kobe_Mpole

Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu, Kuching si Indonesia? Kwenye ramani naiona Borneo.

#3 Mchaichai

Kobe, Borneo ni kisiwa kimoja chenye nchi tatu: Indonesia, Malaysia na Brunei. Kuching ni mji mkuu wa jimbo la Sarawak, upande wa Malaysia. Sarawak iliingia kwenye muungano tarehe 16 Septemba 1963, ikabaki na mamlaka yake ya uhamiaji. Ndiyo maana ukitoka Kuala Lumpur kwenda Kuching pasipoti inakaguliwa upya na kugongwa muhuri, ingawa hujatoka nchini. Hata Mmalaysia wa bara anakaguliwa.

Mleta uzi, mwambie shemeji asiache pasipoti hotelini Kuala Lumpur. Nimewaona watu wakirudishwa toka uwanjani kwa hilo.

Nasoma hukuhuku Kuching. Jibu la laksa linakuja, nina darasa.

#4 BintiMvita

Mimi sijafika Kuching, lakini jibu ninalo nikiwa Mombasa. Ni tui. Mkahawa wa mji mkubwa unatumia tui la boksi. Tui la boksi lina mafuta lakini halina harufu. Nazi iliyokunwa asubuhi na kukamuliwa saa hiyo hiyo ni chakula kingine kabisa. Hamna siri nyingine hapo.

#5 Jahazi_Muscat

Bi Mvita, hujafika na umeshafunga mjadala!

Nilikwenda na familia mwaka juzi, tukipitia Kuala Lumpur maana kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Muscat. Nikanunua viungo vya laksa vya pakiti, nikapika nyumbani kwa tui la kukamua mwenyewe. Haikuwa ile. Ilikuwa nzuri, watoto walimaliza, lakini haikuwa ile. Kwa hiyo tui peke yake halitoshi.

#6 Kobe_Mpole

Kwani laksa ni nini hasa? Ni kama urojo?

#7 Mchaichai

Nimetoka darasani. Kobe, urojo ni jirani mzuri kwa kulinganisha: bakuli moja, vitu vingi, mchuzi juu, na kila muuzaji ana wateja wake wanaoapa kwa jina lake. Ladha lakini ziko mbali.

Nieleze ninavyoiona kila asubuhi chini ya hosteli yetu. Mama ana sufuria kubwa ya mchuzi wa rangi ya matofali. Anatia tambi nyembamba za mchele kwenye bakuli pamoja na chipukizi za maharage, anamwagia upawa wa mchuzi wa moto, anaukinga kwa upawa na kuurudisha sufuriani. Anamwaga tena, anarudisha tena. Nia yake tambi zipate moto mpaka ndani na zianze kunywa mchuzi kabla hazijafika mezani. Ndipo anapanga juu: nyuzi za chapati ya yai, kuku wa kuchambua, kamba, majani ya giligilani. Anamalizia na mchuzi wa mwisho. Pembeni unapewa kisahani cha pilipili ya uduvi na nusu ya ndimu ndogo za kule, zenye ngozi ya kijani na harufu ya chungwa.

Sasa jibu langu. Mchuzi wa chini ni wa vichwa na maganda ya kamba, umechemshwa na mifupa ya kuku kwa muda mrefu. Viungo na tui vinafuata baadaye. Kuala Lumpur kamba ni ghali, kwa hiyo mpishi anapunguza vichwa na kuongeza viungo. Ndiyo maana Sangara anaona viungo vyote vipo na mchuzi bado mwepesi.

#8 Mzee_wa_Kariokor

Mnasahau ukwaju. Laksa bila ukwaju si laksa.

#9 Sangara_wa_Mwanza

Mzee wangu, hiyo ya ukwaju ni ya Penang. Ile ina samaki aliyechambuliwa, ni kali kwa uchachu na haina tui. Ya Sarawak uchachu wake ni ile ndimu unayokamua mwenyewe mezani. Ukiagiza Kuching ukitegemea ya Penang utashangaa sana.

#10 Mzee_wa_Kariokor

Basi ya Penang ni tamu zaidi. Nilikula pale enzi za semina, mpaka leo sijaisahau.

#11 Nyakato_B

Mzee ameanza.

Swali la watu wa kawaida: viza vipi?

#12 Mchaichai

Watanzania, Wakenya na Waganda wanaingia Malaysia kwa matembezi mafupi bila kuomba viza. Unajaza fomu ya kuingia mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika, na haina malipo. Tovuti ikikuomba hela, toka, si yenyewe. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano ukitokea nyumbani. Kuala Lumpur mpaka Kuching kwa ndege ni kama saa moja na dakika 45.

#13 Lushois_243

Jambo wote. Sijasikia mtu anataja kuku wa kwenye mwanzi, na ndiye aliyenifanya nikumbuke nyumbani Lubumbashi.

Waiban, kabila la wenyeji wa Sarawak, wanamwita manok pansoh. Wanakata kuku vipande, wanamtia ndani ya pingili ya mwanzi mbichi pamoja na mchaichai na tangawizi, halafu mdomo wa mwanzi wanauziba kwa majani ya muhogo. Ni sombe yenyewe! Lakini hawaitwangi kama sisi, wanaisokota nzima. Mwanzi unaegemezwa kando ya moto, na anayepika anauzungusha pole pole usiungue upande mmoja. Ukimiminwa kwenye bakuli unapata supu nyeupe, nyepesi, yenye harufu ya mwanzi, na majani yameiva laini. Hakuna mafuta yaliyotiwa, hakuna nyanya.

Nilikaa pale nikawaza: jani ambalo mama yangu analitwanga kutwa nzima, hawa wamelifanya kifuniko.

#14 Jahazi_Muscat

Hicho nilikipenda kuliko laksa. Naomba nisitukanwe.

#15 BintiMvita

Kisamvu bila kutwangwa? Kinaliwa vipi?

#16 Lushois_243

Wanachuma machanga kabisa, mamangu, na kinapikwa muda mrefu ndani ya mvuke. Kinaliwa vizuri. Tafuta kijana wa kukuotea moto nyuma ya nyumba.

#17 Pemba_Kusini

Assalaam alaykum. Mimi na wenzangu tunaangalia halali kabla ya yote. Nasikia Sarawak Wakristo na Wachina ni wengi. Mtu anakula nini?

#18 Mchaichai

Waalaykum salaam, shekhe. Unakula vizuri sana, ila lazima uulize.

Cha kuangalia zaidi ni kolo mee, tambi za ngano za kurushwa na siki na mafuta ya vitunguu. Ndicho chakula cha asubuhi cha mji mzima. Ya Wachina hukorogwa na mafuta ya nguruwe na kuwekewa nyama yake juu, hata kama kwa macho huioni. Waislamu wa Kuching wana yao ya ng'ombe au kuku, imeandikwa halali, na hakuna anayejiona amekosa kitu. Laksa nayo vivyo hivyo: vibanda vya Wamalei ni halali. Vya Wachina, nyama inayoonekana ni kuku na kamba tu, lakini sufuria na visu ni vya jiko moja.

Njia rahisi ni kuvuka mto. Ng'ambo ya kaskazini ni vijiji vya Wamalei, Kampung Boyan na Kampung Gersik, na vyakula vya pale huulizii mara mbili. Upande wa kusini kuna uchochoro unaotoka mtaa wa India kwenda Gambier Street, katikati yake kuna msikiti wa Wahindi wa karne ya 19. Unasali, unatoka na mlango wa pili, uko kwenye maduka ya viungo.

#19 Pemba_Kusini

Ahsante. Hiyo ya maduka ya viungo umenigusa. Wanauza nini?

#20 Mchaichai

Vyote unavyovijua wewe: karafuu, iliki, mdalasini, kungumanga, bizari. Na pilipili manga ya Sarawak, nyeusi na nyeupe. Karibu pilipili manga yote ya Malaysia inalimwa jimbo hili.

#21 Pemba_Kusini

Basi laksa mimi ninaijibu sasa. Viungo vyenyewe ni vya nani? Ni vya wafanyabiashara wa Kihindi Waislamu wa mtaa huo. Wachina hawakuja na bizari na iliki kutoka kwao. Siri ya mchuzi iko kwenye kukaanga viungo vikavu kabla ya kusaga. Akikaanga mtu wa Gambier Street anayeshika mkaango kila siku, ni tofauti na kiwanda kinachokaanga magunia. Kuala Lumpur wanatumia cha kiwandani.

#22 Daftari_la_Safari

Nakuunga mkono nusu, shekhe. Hadithi niliyoisikia zaidi Kuching ni kwamba aliyeanza kuuza laksa hii mtaani alikuwa Mchina wa Kiteochew aliyetokea upande wa Indonesia, akiuzia Carpenter Street. Wengine wanakataa, wanasema ni chakula cha akina mama wa Kimalei kilichotolewa majumbani. Na wapo wanaoielekeza Java moja kwa moja, kwa sababu Kuching ina Kampung Jawa, na Kampung Boyan ilikaliwa na watu wa Bawean, kisiwa kilicho kaskazini ya Java. Kila niliyemuuliza alikuwa na uhakika kamili.

Nyongeza kwa mleta uzi: Kuching imo kwenye orodha ya UNESCO tangu mwaka 2021. Ni urithi wa dunia kwa ajili ya chakula.

#23 Nyakato_B

Daftari, hapo pa UNESCO tuweke sawa. Urithi wa dunia ni orodha nyingine. Katika miji ya Malaysia waliomo ni Melaka na George Town ya Penang, waliingia pamoja mwaka 2008. Kuching mwaka 2021 iliingia kwenye mtandao wa miji ya ubunifu, kundi la miji ya mapishi, na ndiyo ya kwanza Malaysia kupata hadhi hiyo. Sarawak urithi wa dunia wanao pia, lakini ni mapango: Mulu mwaka 2000 na Niah mwaka 2024.

#24 Mzee_wa_Kariokor

Kwa hiyo Penang ina urithi wa dunia na Kuching haina. Nashukuru kwa ufafanuzi.

#25 Sangara_wa_Mwanza

Mzee, unakula majengo?

#26 Mzee_wa_Kariokor

Nakula ndani ya majengo.

#27 Tambi_Kavu

Nimecheka hapo.

Jamani kuna kitu hamjakigusa: muda. Laksa ya Kuching ni ya asubuhi. Saa tatu unakuta foleni, saa sita mchana mabanda mengi yenye jina yameshaosha sufuria. Mchuzi umepikwa usiku kucha, unauzwa ukiisha umeisha. Kuala Lumpur wanauza mchana na usiku, mchuzi unapashwa na kupashwa, na tui halipendi kupashwa. Sangara, hiyo unayoila huko uliagiza saa ngapi?

#28 Sangara_wa_Mwanza

Jioni baada ya kazi. Umenigusa penyewe.

Lakini Jumamosi moja nilikwenda asubuhi, mlango ndio kwanza unafunguliwa. Ilikuwa bora, sikatai. Bado haikuwa ile.

#29 BintiMvita

Tui.

#30 Uduvi_Kilifi

Watu wa pwani tunajua uduvi, kwa hiyo naingia. Kule uduvi wanausaga na chumvi, wanauacha uchachuke, wanauanika na kuukandamiza kuwa tofali gumu la rangi ya kahawia. Wanauita belacan. Ule wa Bintulu, mji wa pwani hapo hapo Sarawak, una sifa Malaysia nzima. Ukiuchoma kidogo kwenye moto kabla ya kusaga na pilipili, harufu inaingia mpaka kwenye mapazia. Mpishi wa Kuala Lumpur ana majirani ghorofani, anauonea haya. Huo ndio upungufu.

#31 Mchaichai

Uduvi, hapa huku wanagombana kila siku. Kuna wanaosema belacan imo ndani ya mchuzi wenyewe. Mama wa chini ya hosteli yetu anasema kwake haimo hata chembe: kazi yake ni kwenye ile pilipili ya pembeni tu, na anayeitia sufuriani anaficha uhaba wa kamba. Jirani yake, hatua chache tu, anaitia na anajivunia. Wote wawili wana foleni.

#32 Uduvi_Kilifi

Huyo jirani ndiye niende kwake.

#33 Jahazi_Muscat

Nirudi kwenye mapumziko yenyewe, maana shemeji anakuja na atataka kitu cha kufanya kati ya mlo na mlo.

Asubuhi na mapema ni laksa au kolo mee, halafu mnarudi chumbani. Jua la mchana kule lina unyevu, mtu asijidai. Alasiri mnateremka mtoni. Njia ya miguu ya ukingoni ni ndefu, safi, ina miti na mabenchi. Mkitazama ng'ambo mnaona Astana, ikulu aliyoijenga Charles Brooke mwaka 1870, na ngome ya Margherita ya mwaka 1879 yenye jina la mkewe. Hawa Brooke ni ile familia ya Waingereza waliojifanya wafalme wa Sarawak kuanzia 1841 mpaka 1946.

Kuvuka kuna njia mbili. Daraja la miguu la Darul Hana, lililofunguliwa mwaka 2017, linapinda kama herufi S na linapendeza usiku. Au tambang, ule mtumbwi wenye paa. Nawaomba mwende na tambang. Mnaketi ubavuni karibu na maji, mwendeshaji yuko mbele na makasia yake, injini inaunguruma kidogo tu, na kabla hamjamaliza sentensi mmefika. Mama yangu, mtoto wa Mkokotoni, alivuka na kurudi, akavuka tena bila kushuka.

#34 Nyakato_B

Mama ana haki yake. Hivyo vyombo vimepungua sana tangu daraja lifunguliwe, na ukiuliza waendeshaji wengi ni watu wazima. Ringgit 1 si pesa ya kumbakiza kijana kwenye kasia. Ukivuka ongeza kitu.

#35 Kobe_Mpole

Mto una mamba?

#36 Mchaichai

Sarawak mamba wapo, na hata mto huu wanaonekana mara moja moja, kwa hiyo usiingize miguu. Pale mjini maji yametulia kama bwawa kwa sababu chini yake kuna lango la kuzuia maji ya bahari, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Zamani maji kujaa na kupwa yalifika mpaka gatini.

#37 Uduvi_Kilifi

Hebu ngoja. Kama bahari ilizuiwa, kamba wa mtoni wa zamani walikuwa wa maji mchanganyiko, na wa sasa je? Huenda hata laksa ya Kuching yenyewe si ile ya wazee.

#38 Tambi_Kavu

Uduvi, usituletee huzuni. Kamba wa siku hizi wengi ni wa kufugwa, Kuching na Kuala Lumpur.

#39 Mchaichai

Wa kufugwa wapo wengi, kweli. Lakini kwenye soko la wikendi la Satok, lile lililohamishiwa ng'ambo ya mto, bado kuna wauzaji wanaoleta kamba waliovuliwa. Sangara, nenda Jumamosi asubuhi, hata kama hupiki. Kuna midin, machipukizi ya msituni yenye ncha zilizojikunja, rangi ya kijani iliyoiva, yanauzwa kwa vifungu. Yakikaangwa haraka na vitunguu saumu yanabaki yanakatika kwa meno, hayalegei kama mchicha. Agizeni kila mlo, hamtachoka. Kuna biringanya za mviringo za rangi ya chungwa ambazo ni chachu. Kuna asali. Kuna gula apong, sukari ya utomvu wa mnipa, ule mtende unaoota kwenye matope kando ya mikoko.

Gula apong ndiyo inayoingia kwenye teh C peng special, chai ya baridi ya tabaka tatu: sukari chini, maziwa katikati, chai juu. Inaletwa haijakorogwa. Korogeni wenyewe, na mwambieni apunguze sukari.

#40 Pemba_Kusini

Na samaki? Sijasikia samaki hapa.

#41 Lushois_243

Samaki wengi ni Top Spot, juu ya paa la jengo la maegesho ya magari. Nendeni jioni. Unachagua samaki kwenye barafu, anapimwa, unasema apikwe vipi. Uliza bei ya kilo kabla hajaenda jikoni. Mimi bili ilinifanya nisome mara mbili.

Na umai, samaki mbichi wa Wamelanau, kabila jingine la Sarawak: anakatwa membamba, anakamuliwa ndimu, anachanganywa na vitunguu na pilipili. Wanamla na vidonge vya sago vilivyokaushwa.

#42 Mzee_wa_Kariokor

Samaki mbichi hapana.

#43 Jahazi_Muscat

Mzee, ndimu inamgeuza rangi, anakuwa mweupe kabisa.

#44 Mzee_wa_Kariokor

Rangi si moto, mwanangu.

#45 Daftari_la_Safari

Msisahau keki ya tabaka, kek lapis. Ng'ambo Kampung Boyan kuna maduka kadhaa na wote wanakuonjesha. Nilimtazama dada mmoja akioka: anamimina unga mwembamba, anauweka chini ya moto wa juu dakika chache, anatoa, anasawazisha kwa kibao, anamimina rangi nyingine. Hivyo hivyo mpaka keki inafika kimo. Zile zenye michoro zinakatwa vipande na kuunganishwa upya kwa jemu. Ni kazi ya saa nyingi, ndiyo maana sipendi kuona watu wakibishana bei. Inakaa siku nyingi bila kuharibika, inafaa zawadi.

#46 BintiMvita

Nimesoma uzi wote. Naona mmetaja vichwa vya kamba, viungo vya Gambier, belacan ya Bintulu, asubuhi, mto. Hakuna aliyejibu kuhusu nazi. Nazi ya Kuching inakamuliwa wapi? Kwa mkono au mashine? Kabla ya alfajiri au jana yake? Mchaichai, kamuulize huyo mama.

#47 Mchaichai

Nimemuuliza asubuhi hii, dada. Ananunua tui kwa mwenye mashine ya kukuna sokoni, saa kumi alfajiri, na anatia tui la kwanza mwishoni kabisa, moto ukiwa umepunguzwa. Nikamwambia kuna mtu Mombasa anasema siri ni nazi. Akasema mtu huyo anajua kupika, lakini siri ni vichwa vya kamba.

#48 BintiMvita

Mwambie ahsante kwa nusu ya kwanza.

#49 Sangara_wa_Mwanza

Nimekata tiketi. Tunafika Alhamisi usiku. Mpango: Ijumaa kwa mama wa Mchaichai, Jumamosi Satok kisha kwa yule jirani anayetia belacan, Jumapili laksa ya Wachina karibu na Carpenter Street kwa ajili ya kulinganisha, na katikati ya hayo ni kulala. Mchaichai, nitumie eneo kwenye ujumbe binafsi.

#50 Mchaichai

Imetumwa. Mama hafungui Jumatatu, na Ijumaa anawahi kufunga. Fikeni kabla ya saa mbili na nusu.

#51 Tambi_Kavu

Sangara, beba chupa ya chai safi. Utie mchuzi wa mama asubuhi ya kuondoka, upande nao ndege, uuonje Kuala Lumpur mchana. Ukibaki mtamu, kosa ni la wapishi wa huko. Ukiharibika, muda ndio jibu.

#52 Nyakato_B

Mchuzi kwenye begi la mkononi, uliza kwanza ukaguzi wanasemaje. Na tui likikaa saa hizo zote kwenye joto hamtakuwa mnapima ladha, mtakuwa mnapima tumbo.

#53 Uduvi_Kilifi

Achukue mchuzi kabla haujatiwa tui, auweke na barafu. Tui alitie Kuala Lumpur.

#54 BintiMvita

Tui la kukamua, sio la boksi. Vinginevyo jaribio lenyewe halihesabiki.